"Ikiwa" Si "Kwa Kuwa": Neno Dogo Lililotushughulisha Barazani

Alasiri moja, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tumeketi barazani petu katika Mji wa Kale hapa Mombasa. Sala ilikuwa imekwisha, muuza kahawa alikuwa ametua dele lake, na mazungumzo yalikuwa yale ya kila siku: bei ya samaki, ndoa za watoto, nani kasafiri na nani karudi. Ndipo alipofika jirani yetu, Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, Mkristo, mzaliwa wa Taita, na tumekuwa jirani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila jioni hupita, akatuamkua, akapewa nafasi yake na kikombe chake. Siku hiyo alikuja na uso wa mtu aliyepotelewa na kitu.

"Malenga," aliniambia, "wewe umesoma chuo na umesoma nahau ya Kiarabu. Nina jambo linanikera, nataka unisaidie."

Akatueleza. Jumapili iliyopita mhubiri mmoja mgeni alifundisha kisa cha Ibilisi alipomwendea Yesu jangwani, baada ya kufunga siku arubaini, akamtaka ageuze mawe yawe mikate. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoenea makanisani, Ibilisi anaanza maneno yake kwa "ukiwa": yaani, ukiwa wewe ni Mwana wa Mungu, fanya hivi. Mhubiri akasema kwamba wafasiri walikosea. Katika Kiyunani, alisema, neno hilo ni "ei", na maana yake hasa ni "kwa kuwa". Ibilisi hakutia sharti lolote, alikuwa akithibitisha.

"Kitabu hiki nimekisoma tangu utoto wangu," akasema Mwalimu. "Leo naambiwa kwamba hata 'ikiwa' yake si ikiwa. Basi nishike lipi?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja aliyekaa karibu nami akadakia: "Si tuliwaambia zamani, Mwalimu? Kitabu chenu kimetiwa mikono." Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Nami niliona haya. Niliona haya kwa sababu nilijua kwamba ubishi huo huo, wa neno la aina hiyo hiyo, upo katika elimu yetu wenyewe tangu karne nyingi, na maulamaa wetu hawakuufanyia kicheko. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, ngoja kwanza. Kabla hujacheka nyumba ya jirani, nikuonyeshe yaliyomo nyumbani kwetu." Nikamwahidi Mwalimu kwamba nitalichungua jambo lake, na makala haya ndiyo matokeo ya ahadi ile.

Napenda ifahamike mapema kwamba sikukusudia mjadala wa dini. Itikadi yetu Waislamu juu ya Nabii Isa, amani iwe juu yake, inajulikana, na ya Wakristo inajulikana. Ninalolisema hapa ni la lugha, na lugha haki yake ni kusemwa kwa uadilifu, awe mwenyewe ni nani.

HERUFI MBILI

Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, lugha iliyoenea zama zile katika miji mingi ya mashariki ya bahari ya Mediterania. Mimi Kiyunani sikukisoma chuoni, kwa hivyo nilifuatana na Mwalimu hadi kwa mtu aliyekisoma, tukakaa naye jioni tatu, na vitabu vya nahau vimefunguliwa mbele yetu.

Jambo la kwanza alilotuonyesha lilinifurahisha. Neno "ei" lina herufi mbili tu, epsiloni na iota. Na katika maneno yale ya Ibilisi herufi hizo zinatokea mara mbili: mara ya kwanza maana yake ni "ikiwa", na mara ya pili maana yake ni "wewe u". Zinazozitenga ni alama ndogo zinazowekwa juu yake. Katika nakala kongwe alama hizo hazikuwa zikiandikwa kwa kawaida, na msomaji alizitambua mwenyewe kwa mpango wa maneno.

Mtu aliyepita chuoni hawezi kushangaa kwa hilo. Nani kati yetu hakuchapwa kwa ajili ya alif na nun? Ukizisoma "in" ni sharti, ukizisoma "an" ni jambo jingine, ukitia shada zikawa "inna" au "anna" ni mengine tena. Herufi ni zile zile, na irabu ndizo zinazoamua.

Kisha akatueleza kwamba sharti katika Kiyunani cha Agano Jipya lina namna tatu kubwa. Namna ya kwanza ni "ei" pamoja na kitenzi cha kueleza tu. Hapa msemaji hulichukua jambo, akaliweka mbele yenu kana kwamba ni kweli, kisha akajenga hoja juu yake. Namna ya pili ni "ei" pamoja na kitenzi cha wakati uliopita, na katika jawabu yake aghalabu hutiwa neno fupi "an". Hapa msemaji anajua kwamba jambo halikuwa. Namna ya tatu si "ei" bali ni "ean", na kitenzi chake hubadilika umbo. Hapa jambo huenda likawa, huenda lisiwe.

Nilipoyasikia hayo nikajiambia kwamba Mswahili hana haja ya kuogopa. Namna ya kwanza tunayo katika "ikiwa" na katika "ki" ya "ukiwa". Ya pili tunayo katika "ngali" na katika "lau", neno ambalo sisi tumelichukua kwa Waarabu. Ya tatu tunayo katika "iwapo", au katika ile ile "ki" yetu, maana "ki" ni mtumishi wa kazi nyingi.

KOSA LILIKOANZIA

Basi lile la "kwa kuwa" limetoka wapi? Limetoka katika namna ya kwanza. Walimu wa Kiyunani waliwafundisha wanafunzi wao kwamba katika namna hii jambo "linachukuliwa kuwa ni kweli". Baadhi ya wahubiri wakaliangusha "linachukuliwa" njiani, wakafika mimbarini na "kweli" peke yake.

Lakini Injili yenyewe inawakatalia. Mathayo, sura ya 12, anaeleza kwamba watu walimtuhumu Yesu kuwa anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Naye akawajibu kwa hoja: ikiwa mimi nawatoa kwa Beelzebuli, je, watu wenu wao huwatoa kwa nani? Neno lililotumika hapo ni "ei", na namna yake ni ile ile ya kwanza. Sasa mtie Yesu "kwa kuwa" mdomoni uone. Atakuwa ameyakiri yale mashtaka kwa kinywa chake! Hakuna Mkristo atakayekubali hivyo, na hakuna Mwislamu atakayekubali hivyo pia.

Mtume wao Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anasema kwamba ikiwa hakuna kufufuka kwa wafu, basi na Kristo hakufufuka. Ni "ei" hiyo hiyo. Na sura nzima Paulo ameiandika ili athibitishe kwamba kufufuka kupo. Hakusema "kwa kuwa hakuna". Alilichukua neno la wapinzani wake, akalifuata mpaka mwisho wake, ili waone wenyewe linawafikisha wapi.

Mwaka 1981 mtaalamu mmoja Mmarekani, James Boyer, alizihesabu sharti za namna hii ya kwanza katika Agano Jipya lote. Alipata kama 300. Katika hizo, asilimia 37 hivi jambo lililotajwa ni kweli dhahiri. Asilimia 12 hivi ni uongo dhahiri. Na zaidi kidogo ya nusu, maneno yenyewe hayakuonyesha kama ni kweli au si kweli. Kwa hivyo "ei" haimwambii msomaji kwamba jambo ni kweli, wala haimwambii kwamba ni uongo. Inamwambia tu: tulichukue hivi, kisha tutazame linatufikisha wapi. Ukweli utautafuta kwingine, katika hali ya msemaji na hali ya anayeambiwa.

NYUMBANI KWETU

Sasa nirudi kwa yule kijana wetu. Katika Sura ya Baqara, aya ya 278, Mwenyezi Mungu anawaita wale walioamini, anawaamrisha wamche na waiache riba iliyosalia, na aya inafunga kwa "in": ikiwa nyinyi ni wenye kuamini. Msomaji atauliza, vipi watu wameitwa kwa jina la imani mwanzo wa aya, kisha mwishoni wakatiliwa sharti la imani?

Swali hili walilizungumza wanavyuoni wa nahau zamani sana. Watu wa Kufa walisema kwamba "in" mahali kama hapa ina maana ya "idh", yaani "kwa kuwa". Tazameni basi! Ni neno lile lile alilolisema mhubiri wa Mwalimu juu ya "ei". Lakini jumhuri ya wanavyuoni hawakukubali. Ibn Hisham wa Misri, aliyefariki mwaka 1360, ameieleza khitilafu hii katika kitabu chake Mughni al-Labib, akaleta jawabu la hao walio wengi: "in" ni sharti na itabaki kuwa sharti, ila imeletwa ili kumchochea msikizaji na kuiwasha hima yake. Na mfano walioutoa ni wa baba anayemwambia mwanawe kwamba ikiwa yeye ni mwanawe, basi asifanye jambo fulani.

Baba hana shaka kwamba yule ni mwanawe, wala hakukusudia kumpa habari ya nasaba yake. Anamgusa pale panapouma ili ainuke.

Tena iko aya nyingine iliyo karibu zaidi na jambo letu, nayo ni ya 81 katika Sura ya Zukhruf. Mtume, rehema na amani zimshukie, anaamrishwa aseme kwamba ikiwa Mwingi wa Rehema ana mwana, basi yeye atakuwa wa kwanza kuabudu. Hapo wafasiri wamekhitilafiana. Wako waliosema kwamba "in" hii si ya sharti, ni ya kukanusha: hakuwa na mwana. Wako waliosema kwamba ni sharti hasa, limeletwa katika kuhojiana na wapinzani, kama vile mtu kusema: lingekuwako hilo mnalolidai, mimi ningelitangulia. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 923, alizitaja kauli hizo akaegemea ile ya sharti. Njia zote mbili zinafika katika tauhidi, na hakuna aliyesema kwamba Kitabu kimeharibika kwa kuwa wanavyuoni wameizungumza "in".

Na hata hiyo "in" ya kukanusha ina ndugu yake upande wa pili. Katika Injili ya Marko, sura ya 8, watu wanataka ishara kutoka mbinguni, na Yesu anajibu kwa "ei": ikiwa kizazi hiki kitapewa ishara! Sentensi inakoma hapo, haina jawabu. Maana yake ni kwamba hakitapewa kabisa. Ni desturi ya kiapo cha Kiebrania, ambayo imeingia katika Kiyunani na kuhifadhiwa kama ilivyo.

Jioni niliyoyaeleza haya barazani, yule kijana alinyamaza kitambo, kisha akamsogezea Mwalimu sahani ya tende. Nami sikutaka jawabu zaidi ya hilo.

UCHOKOZI WA IBILISI

Turejee jangwani. Ibilisi alikuwa akisema nini? Katika mpango wa Mathayo, kabla tu ya kisa hiki kuna kubatizwa, na sauti ya mbinguni imekwisha tamka kwamba huyu ni Mwana. Kwa hivyo anayeambiwa haambiwi jambo jipya. Wala Ibilisi hakuja kumfunza. Alikuja kumchokoza.

Nendeni mkawatazame watoto wetu wanaoruka baharini wakati wa maji kujaa. Mmoja amesimama juu ya ukuta, magoti yanamtetemeka, na wenziwe walio majini wanapiga kelele: "Ukiwa mwanamume, ruka!" Hapana hata mmoja kati yao mwenye shaka kwamba yule ni mwanamume. Lakini mwambie, "Kwa kuwa wewe ni mwanamume, ruka," uone kama atatikisika. Maneno yamepoa. Moto wote ulikuwa katika ile "ki".

Huo ndio mtego. Mchokozi humtaka mtu athibitishe kwa kitendo jambo ambalo halihitaji kuthibitishwa. Akikubali tu kuruka, hata akiruka vizuri, amekwisha mpa mchokozi haki ya kumhukumu. Kwa hadithi ya Injili, aliyejaribiwa hakuruka.

Na tazameni jinsi mwandishi alivyolipima neno. Majaribu mawili ya kwanza katika Mathayo yameanza kwa "ei". Jaribu la tatu, pale Ibilisi anapotaka asujudiwe kwa malipo ya falme zote za dunia, limekuja na "ean". Katika yale mawili anachokoza juu ya jambo ambalo msikizaji analijua. Katika hili la tatu anafanya biashara, na hajui kama mnunuzi atakubali.

Kwa hivyo nilimwambia Mwalimu, "Shika 'ukiwa' yako. Wafasiri wale hawakukosea. Ukiitoa ukaweka 'kwa kuwa', utakuwa umemvua Ibilisi makucha yake."

BARUA YA KAKA YANGU

Wasomaji wapenzi, huenda mmoja wenu akauliza, yote haya ya herufi mbili yana faida gani kwa mtu ambaye si mhubiri wala si mwanachuoni? Nami nitamjibu kwa jambo ambalo sijapata kuliandika.

Mwaka 1996 palikuwa na maneno kati yangu na kaka yangu mkubwa juu ya nyumba aliyotuachia marehemu mama yetu. Yeye alikuwa Lamu, mimi nilikuwa hapa Mombasa. Akaniandikia barua fupi ambayo ndani yake alisema, "Ikiwa wewe ni ndugu yangu, njoo tuonane kabla ya Maulidi."

Niliisoma mara moja nikaitupa. Nilisema moyoni, kumbe ananitilia shaka! Tumenyonya ziwa moja, tumelala mkeka mmoja, leo ananitilia sharti la udugu kwa ajili ya kuta na mlango. Sikwenda. Maulidi yakaja yakapita, na baada ya miezi mitatu ikaja habari kwamba kaka amefariki. Nilifika Lamu amekwisha zikwa.

Wifi yangu alinipokea bila ya neno baya. Siku ya tatu, watu walipopungua, aliniambia, "Shemeji, kaka yako hakuwa na shaka nawe hata siku moja. Alikuwa akikuita."

Kitabu cha Ibn Hisham nilikuja kukifunguliwa na shekhe wangu wa nahau baada ya miaka kadha. Tulipofika katika ule mfano wa baba na mwanawe, nilishindwa kuendelea, nikaomba ruhusa, nikatoka nje. Kaka yangu alisema kama asemavyo baba katika mfano ule, nami nikamsikia kama hasimu. "Ikiwa" yake ilikuwa ya mtu anayeita, lakini mimi niliisoma kwa hasira zangu, na hasira hazijui nahau.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, Martha anamwambia Yesu kwamba lau angalikuwako, ndugu yake asingalikufa. Hiyo ni namna ya pili ya Kiyunani, namna ya mambo ambayo hayakuwa. Nilipoonyeshwa mahali hapo nilitikisa kichwa tu. Mtume wetu ametuhadharisha na "lau" ya majuto, kwamba hufungua kazi ya shetani, kwa hivyo sitaisema. Lakini mwenye kuisikia ndani ya moyo wake anajua uzito wake.

Basi ushauri wangu ni mdogo kama neno lenyewe. Ukisoma kitabu, kiwe chako au cha jirani yako, usiharakie kusema kwamba neno limekosewa. Tazama kwanza nani anasema, na nani anaambiwa. Na ukiletewa barua ya ndugu yako, fanya vivyo hivyo.

Mwalimu aliniomba nimtilie jambo hili katika ubeti mmoja ili alikumbuke. Nami nilimpa huu:

Ikiwa li mdomoni, neno dogo lenye mwiba,
Huvunja ndugu nyumbani, hujenga tena mahaba,
Ulipime mizanini, kabula hujalibeba,
Lau huja ukingoni, mlango ukishaziba.